Maharagi Haizikwe ku Choo

Masika, mama yangu,

Ninakuandikia na biki ya mudogo yako Kambale, hii yenye inavujisha wino, juu kalamu yangu ya muzuri, ile ya Kampala, iko tayari mu mizigo yako katikati ya bitenge. Ulifikiri sikuiona. Ichukue. Papa yako anaonaka yote, shida yake tu ni kwamba anaonaka kisha saa imepita.

Papa mwingine angekuandikia juu ya kusali, na kufunga mulango, na kukataa camion yenye dereva amekunywa. Ile yote mama yako amekuambia toka asubuhi, akarudia midi, akarudia tena jioni na machozi. Mimi ninakuandikia juu ya maharagi. Hapana cheka. Nimekasirika.

Leo jioni bageni bote balikuwa ku salon banakuaga, bamama ba mutaa banaimba, na mimi nikapita nyuma ya nyumba kutafuta hewa. Nikakukuta unatoka ku choo na sufuria ya jiko chini ya kitenge. Masika, sufuria haifichwake chini ya kitenge. Ulikuwa sawa mwanamuke mwenye mimba ya masikio mawili. Nikauliza iko nini. Ukasema iko bure. Nikafunua: mafuta mekundu ya ngazi pembeni, na kipande moja ya kitunguu imeshikilia chini kama mutu amekataa kuhama. Maharagi ya jana, nusu ya sufuria, umeizika ku choo.

Ukasema ilikuwa imechacha. Mimi nikapiga kelele mpaka jirani yetu, mama Kavugho, akaacha kuimba ili asikie muzuri. Nikasema mutu wa Butembo mwenye anamwanga maharagi mu wakati wa vita anastahili kufungwa, na kama bakubwa hawana gereza, mimi nitajenga moja hapa ndani ya uzio wa lupango yetu. Ukaningojea nimalize. Kisha ukasema na sauti ya chini:

“Papa, ni wewe ulisemaka mwanamuke wa hii nyumba hapikake sufuria ndogo.”

Ukaingia ndani na mimba yako, ukaniacha nimesimama pale.

Mimi. Mutu mwenye nimebishana ku barrière zote zenye zinafunga njia toka Kasindi mpaka Komanda. Mwenye nilivuta bei na Bahindi ba Kampala mpaka bakaniita ndugu. Mwenye nilifika Dubai, nikaagiza chai kwa Kiarabu, na kweli ikakuja chai. Nilikosa jibu. Ule mwaka wa ine wa primaire, kwenye masomo yangu ilisimama, haikunifundisha jibu ya ile. Donc basi nimeketi hapa ninaitafuta ku kartasi, na ukiona nimefuta-futa, ujue bado ninaitafuta.

Kesho unaenda Beni, na haiko kutembelea ndugu tu. Muke ya kaka yako Paluku amezaa, damu imemuisha, hasimame. Na ndani ya ile nyumba yao ya njia ya Mavivi, kumejaa tantine Kahindo na batoto bake, benye balikimbia Eringeti na mikeka tu ku kichwa. Umejaribu kuhesabu ile midomo? Mimi nilianza, nikaacha katikati. Unaenda kushika jiko yao. Gunia ya maharagi, unga, na samaki ya kukauka yenye nimepakia, njo yote yenye niko nayo ya kukupa. Njia unaijua: leo camion zinapita, kesho risasi, na kisha hapana mutu anajua lini zitapita tena. Kama ile gunia inaisha mbele njia ifunguke, bale batoto batalala njaa, na mimi nitakuwa huku Butembo napigia ukuta kelele. Sasa unaelewa juu ya nini mutu muzima anaandika barua ya maharagi.

Basi nikuambie habari ya kuku. Uliisikia nusu, ile nusu yenye mimi ninaonekana muzuri.

Mu vita ya kwanza ulikuwa mudogo, meno ya mbele imetoka, ukisema neno inapita na filimbi. Basoldat benye balikuwa banakimbia balipita hapa kama nzige, na kila mutu akaficha chakula. Bengine balificha vibaya, chini ya kitanda, kama vile soldat hana koko muzee ku kwao mwenye anafichaka bintu chini ya kitanda. Mimi nilificha kama mutu mwenye ametembea. Nilichimba chini ya kijumba ya bakobayi betu, bale banyama badogo ba kufuga sawa sungura, nikaingiza maharagi, unga, samaki ya Kyavinyonge, nikafunika na mbao, nikarudisha bakobayi juu. Bakawa banakula majani juu ya utajiri wetu, bo benyewe habajue. Nilijisifu mpaka mama yako akaniomba ninyamaze, juu batoto batasikia na kwenda kusema.

Mais hata hivyo, jioni ile ile nikasema sisi hatutakula kama panya. Mama yako alipenda apike kidogo. Mimi nikakataa. Nikataka sufuria ijae, samaki iingie muzima, na viazi zetu za birayi zitolewe maganda nene, juu niliaminiaka kwamba ganda nyembamba ni alama ya umasikini. Njo vile nilikuwa. Tulikula tukashindwa. Mabaki yote ikaenda nyuma, ku jalala chini ya migomba.

Asubuhi basoldat bakafika. Nikasimama ku mulango na suruali ya kupasuka, nimefunga tumbo na kamba, nikalia njaa. Masika, nililia muzuri. Hata wewe ulianza kulia, ulifikiri ni kweli. Nikasema tangu juzi hatujatia kitu ku mudomo, batoto banalamba chumvi. Mukubwa wao alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu, naye alikuwa amechoka sawa sisi. Alianza kuamini. Nilimuona anageuza bega ili aende. Na hapo kuku yetu, ile nyekundu, ikatoka nyuma ya nyumba polepole, kama bibi ya mukubwa anatoka misa, na kichwa ya samaki mu mudomo.

Kijana akaangalia kuku. Akaniangalia mimi.

“Papa,” akasema mu Lingala yake, “nzala wapi?”

Njaa iko wapi. Hata ndani ya nyumba hakuingia. Alifuata kuku mpaka ku jalala, na pale akasoma maisha yetu kama mutu anasoma gazeti: maganda nene, mabonge ya bukari, ugali yetu ya usiku, mifupa yenye nyama. Akawaambia benzake nyumba yenye inatupa hivi haikosake akiba. Bakachimba kila pahali. Gunia bakatoa, samaki bakatoa. Hata bakobayi basoldat bakakula. Na ile kuku pia bakakula, na mimi, Mungu anisamehe, sikuililia.

Njo vile, bila kitu ya kukula, tulifika Kasugho kwa koko yako, mama ya mama yako, bokilo yangu mwenye hakunipendaka na mwenye alikuwa na sababu. Unakumbuka ile nyumba, moshi na harufu ya migomba. Tulifika usiku bila kusema tunakuja. Akatuangalia mumoja mumoja, akaingia, akatoka na sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo yenye ilikuwa imefunikwa tayari. Nilifikiri alikuwa ametuona mu ndoto. Tukakula.

Kesho yake nikaanza kuangalia jiko yake, na ikanikasirisha. Sufuria yake ilikuwa ndogo, nyeusi, ndogo mpaka nikadhani ni ya batoto ba kuchezea. Birayi alichemsha na maganda yake, kisha ganda ilitoka nyembamba sawa kartasi ya sigara, na hata ile alipelekea mbuzi. Maharagi alichemsha bila kitu: hapana chumvi, hapana mafuta, hapana kitunguu. Jioni alichota ile ya kutosha, akatia kitunguu ndani ya ile tu, na yenye ilibaki akaichemsha tena mbele ya kulala, akaifunika. Asubuhi ilikuwa muzima. Nikamwuliza juu ya nini anatesa kitunguu hivi. Akasema kitunguu njo inaharibishaka sufuria mbio, na kwamba hata mutu wa Dubai angepashwa kujua ile. Neno Dubai alilitafuna kila siku. Bwana wa Dubai, leta maji. Bwana wa Dubai, mbuzi anakungojea.

Mais yenye ilinichoma kabisa ni hii. Kila jioni, mbele hajapakulia mutu yeyote, alitoa sehemu ya mugeni. Ile desturi yetu unaijua, mutu mwenye heshima anapikia na mwenye hajamuona. Mimi niliifuata maisha yangu yote: ninapikisha mingi, tunakula, na yenye inabaki ninaita ya mugeni. Mugeni hafike, kesho inamwangwa. Koko yako alifanya kinyume. Ya mugeni ilitoka ya kwanza, ya moto, na nyinyi batoto munaangalia na njaa, macho inafuata mukono yake. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, “Mama, mugeni gani atakuja huku mu pori, na hii vita?”

Hakusimamisha mwiko. Akasema, “Wewe si ulikuja?”

Nikaelewa ile sahani ya siku ya kwanza ilikuwa nini. Hakutuona mu ndoto. Alituwekea bila kujua tutakuwa nani. Na siku yenye mugeni hakufika, asubuhi aliikata ile bukari vipande, akaichoma juu ya makala mpaka inafanya ngozi, akawapa batoto. Hata siku moja sikuona kitu inatoka ndani ya ile nyumba kwenda kuoza. Mimi niliita ile uchoyo. Nilikuwa mujinga na viatu vizuri.

Na wewe, pale Kasugho, ulikuwa unaficha bukari. Hauikumbuke. Mama yako alikuwa anakunja mukeka yako, akakuta mabonge chini yake, ya kijani, imeota manyoya. Akataka kuitupa, ukalia sawa mutu anazikwa. Ukaileta kwangu mu mikono mbili, ukaniambia na ile filimbi yako ya meno: hii ni ya siku basoldat batarudi, Papa, nitakugawia. Nikakuambia asante. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia migomba, na haikukuwa na kitu ya kuangalia ku ile migomba.

Sasa tuje ku kosa yenyewe, juu ile ya kuku ilikuwa ujinga tu. Siku tulirudi Butembo nikaapa batoto bangu habataona tena chini ya sufuria. Nikaenda Kampala, nikanunua ile sufuria kubwa, nikaileta juu ya magoti yangu mpaka Kasindi, kila barrière bakiuliza ninaenda kuoa kwa mufalme gani. Nikaiweka ku jiko nikasema ile neno yenye umenirudishia leo. Nilifikiri kushiba ni kuona mabaki. Mama yako alijaribu kuniambia, mara na upole, mara na hasira, na kila mara nilimujibu na habari za Dubai. Donc alipika mingi, na wewe ukajifunza kupika mingi, na yenye ilibaki mukajifunza kuificha mbele mimi niione. Nimeelewa leo ku mulango wa choo. Nilikufundisha kumwanga, kisha nikakufundisha kuogopa kuonekana unamwanga. Ni kazi mingi kwa papa mumoja.

Mais wewe pia, Masika. Wewe pia. Maharagi haichachake kwa siri. Inatoa povu, inatoa harufu, inakuita na jina. Jana ulisikia, ukanyamaza, ukaifunika, ukangoja ikufe ili uizike. Ungeniambia jana ningepiga kelele, kweli, kisha tungeichemsha na kuikula. Kelele yangu haijaua mutu. Kule Beni, kitu ikianza kuharibika, sema. Sema na Paluku, sema na tantine, bakasirike, bakule. Aibu ya kusema inapita mbio kuliko njaa.

Na kuna kitu yenye koko yako hakunifundisha, nilijifunza peke yangu, juu nilikula ku nyumba ya mutu mwenye hakunipenda. Hapana kupima unga mbele yao. Mwenye amekimbia kwake anasikia kikombe inagonga ndani ya gunia kama vile wengine banasikia risasi. Yeye anajua muzuri kwamba anakula ya mutu. Tantine yako alikuwa na shamba Eringeti yenye ingelisha hii mutaa yetu yote, na sasa ataanza kusema ameshiba akiwa hajashiba. Pima asubuhi, wakati bo bameenda kuchota maji. Na jioni, chota bila kuhesabu na macho. Mupe tantine mwiko, siku zingine agawe yeye. Utaona, mutu mwenye anagawa haachake kitu ikioza.

Utakuta mutoto mumoja wake anaficha bukari chini ya mukeka. Sitaki uniambie hapana, utamukuta. Hapana kumupiga, na hapana kumuchekea mbele ya benzake. Chukua ile ya zamani mbele haijaota manyoya, umupe mupya pahali pake, afiche. Ya zamani choma, kula wewe. Siku moja ataacha peke yake. Wewe uliacha, na sijue ilikuwa siku gani, na ile pia inanikasirisha, juu ningependa kuiona.

Sasa, sufuria. Mu mizigo yako mulikuwa ile kubwa ya Kampala, niliiweka mimi mwenyewe asubuhi na kujisifu. Nimeitoa. Mahali pake nimeweka ile ndogo nyeusi ya koko yako, yenye mama yako alirithi na yenye nimeitukana miaka yote hii. Najua midomo ni mingi, haitatosha mara moja. Utapika mara mbili. Mwenye anapika mara mbili anaona katikati nani bado ana njaa, na haamushe moto ya pili kama hapana mutu anaihitaji. Mama yako anasema ile ni akili ya mwanaume, makala itaisha mbele ya unga. Nimemwambia ataona. Amesema hata ile gari ya mafuta ya Komanda, yenye ilitupotezea pesa, nilisema ataona. Tumebishana mpaka amelala, na katikati ya usingizi amesema tena “makala”. Inawezekana ana haki. Kama ana haki, usimwandikie, niandikie mimi.

Kubwa inabaki hapa. Siku vita itaisha nitaipandisha ku moto, nitaita mutaa yote, mama Kavugho mbele. Na hata siku ile tutamaliza.

Maneno ya mwisho, na kweli ni ya mwisho, juu biki ya Kambale inakufa. Bageni benu ba leo balikula muzuri, lakini balibakisha bukari. Nimekuta mama yako ametaka kuipatia kuku za jirani, na kuku na mimi unajua historia yetu. Nimeifunika na sahani ku meza. Kesho mbele camion haijapiga honi, amuka, uikate vipande, uichome vile koko alifanyaka, na tutakula wote tumesimama, na mimi sitasema neno. Utaona ni muujiza.

Na kuanzia kesho jioni, mama yako akipakua, sahani ya kwanza itatoka mbele ya sisi wote, ya moto, itafunikwa. Mugeni wa hii nyumba ni wewe sasa. Najua njia, najua barrière, najua hautafika kesho, wala kesho kutwa. Itakungojea usiku muzima. Na asubuhi nitaikula mimi, yote, mpaka chini.

Papa yako,
yule wa Dubai